Nchi inayotoshana na Garissa ilitutoa AFCON

Tuanze na hesabu, hata kama ni somo ulilolikimbia shuleni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti ya Garissa. Visiwa vya Komoro, nchi kamili yenye rais, bendera, wimbo wa taifa na kiti Umoja wa Mataifa, ina watu laki nane na kitu. Kwa hivyo ukiibeba Garissa yote, Balambala mpaka Ijara, ukaitupa baharini katikati ya Msumbiji na Madagascar, umepata Komoro. Ngamia hawangefurahi, lakini watu wangetoshana.

Hesabu ya pili. Sensa hiyo hiyo ilipata Wakenya 47,564,296. Sisi wote hao tukapangwa kundi moja na Komoro kutafuta tiketi ya AFCON 2021. Kundi G: Misri, Togo, Kenya, Komoro. Droo ilipotoka kila msee mwenye simu alipiga hesabu zake: Misri tuwaachie nafasi ya kwanza, Togo tutakabana nao, Komoro ni pointi sita za bure. Unajua kilichotokea. Novemba 11, 2020, hapa Nairobi, 1-1. Siku nne baadaye kule Moroni wakatulima 2-1. Machi 25, 2021, wakatoka sare tasa na Togo nyumbani kwao na kufuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Siku hiyo hiyo sisi tulikuwa tunatoka 1-1 na Misri na kupongezana kwa mchezo mzuri. Kundi lilipoisha, Komoro walikuwa na pointi 9. Sisi 7.

Wengi mitandaoni waliandika neno moja tu: aibu. Ati tumetolewa na visiwa. Neno hilo linanikera mpaka leo, manake linaficha kitu ambacho wewe kijana wa Garissa, Wajir au Mandera ungepaswa kukichunguza kwa makini kuliko Mkenya mwingine yeyote. Watu wanaotoshana na kaunti yako, wenye majina ambayo mwalimu angeyaita kwenye rejista ya darasa lako bila kujikwaa, Abdou, Said, Youssouf, Ali, walienda mahali ambapo Kenya nzima ilishindwa kufika. Walifikaje?

Wacha nikuonyeshe kupitia mtu mmoja. Anaitwa Nadjim Abdou. Waingereza walimwita Jimmy.

Kama wewe ni wa kutazama magoli ya wiki kwenye TikTok, hujawahi kumwona. Jimmy alikuwa kiungo mkabaji. Kazi yake ilikuwa kukimbia, kunyang'anya, kumpa mwenzake mpira wa mita tano, kisha kurudi kukimbia tena. Hiyo kazi haina video. Ni kama ile kazi ya jamaa anayewasha jenereta kwenye harusi: ukimkumbuka, ujue stima zimepotea.

Alizaliwa Julai 1984 mjini Martigues, karibu na Marseille, kusini mwa Ufaransa. Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro, na kwa Wakomoro ule mji ni kama Eastleigh kwetu: mbali na nyumbani, lakini habari zote za nyumbani unazipata huko kwanza. Mwaka 2003 akaanza kucheza Sedan, klabu ya kaskazini mwa Ufaransa. Hapa simama kidogo. Mwaka 2003 Komoro hawakuwa hata wanachama wa FIFA. Waliingia 2005. Yaani Jimmy alianza kulipwa kucheza mpira kabla timu ya taifa ya wazazi wake haijatambuliwa na dunia. Hakukuwa na jezi ya kuota. Hakukuwa na mechi ya kufuzu ya kutazama na baba yake sebuleni.

Na timu yenyewe ilipoanza, ilianza vibaya. Mechi zao za kwanza za kufuzu Kombe la Dunia, mwaka 2007, walikutana na Madagascar. Wakafungwa 6-2, halafu 4-0. Jumla 10-2, na kwaheri. Wakati huo Jimmy alikuwa amevuka kwenda Uingereza, Plymouth Argyle kwanza, kisha 2008 akasaini Millwall.

Millwall ni hadithi yake peke yake. Ni klabu ya kusini mashariki mwa London, ya mtaa wa watu wa bandarini, yenye mashabiki wanaojivunia kuchukiwa na Uingereza nzima. Ukicheza kwa woga pale utaondoka kabla ya Krismasi. Jimmy alikuwa kwenye vitabu vyao miaka kumi. Alicheza mechi zaidi ya 300. Alikuwepo walipopanda kutoka daraja la tatu mwaka 2010 kupitia mchujo uliomalizikia Wembley, na alikuwepo klabu ilipofika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 2013. Makocha walikuja na kwenda. Kila msimu, kama kawaida ya klabu hizo, alinunuliwa kijana fulani mpya wa kuchukua nafasi yake. Ifikapo Novemba, Jimmy yuko uwanjani.

Sasa mtu kama huyo, mwenye mshahara London na jina lake likiimbwa na watu wagumu kama wale, alikuwa na sababu gani ya kupanda ndege mbili tatu kwenda kuchezea timu iliyo mkiani mwa orodha ya FIFA? Hakukuwa na pesa. Hakukuwa na kamera. Alianza kuichezea Komoro mwaka 2010, na hesabu zangu zinasema alingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kucheza mechi moja ya fainali za AFCON. Kila baada ya miaka miwili kundi jipya, nchi kubwa mpya za kukulima, na baadaye unarudi London Jumanne usiku na Jumamosi una mechi ya ligi.

Ninachopenda kwa Jimmy ni kwamba alibaki wakati kubaki kulikuwa hakulipi. Kocha Amir Abdou alipoichukua timu 2014 na kuanza kuwatafuta vijana wenye asili ya Komoro huko Ufaransa, alikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Kijana wa miaka 20 anayejiuliza kama asubiri simu ya Ufaransa ambayo huenda isilie kamwe, au aende Moroni, alikuwa anaona mtu wa Millwall tayari yuko pale, amefunga kamba za viatu. Utamwambia nini kijana kama huyo kumshawishi zaidi ya hapo? Wakaja mmoja mmoja. Wengine walikuwa wanacheza madaraja ya chini huko Ulaya, majina ambayo hata mkeka wako wa Jumamosi haujawahi kuyabeba. Ndio hao waliotutoa.

Halafu ikaja Cameroon.

AFCON ilisogezwa mpaka Januari 2022. Komoro wakafungwa na Gabon 1-0, wakafungwa na Morocco 2-0, na kila mtu akafunga daftari. Januari 18 mjini Garoua wakakutana na Ghana, mabingwa mara nne wa Afrika, timu yenye kina Ayew. Wakawafunga 3-2. Ghana wakarudi nyumbani. Komoro, kwenye fainali zao za kwanza kabisa, wakaingia hatua ya 16 bora kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, na huko wakapewa wenyeji: Cameroon, Yaoundé, Januari 24.

Kabla ya mechi hawakuwa na kipa. Sio utani. Kipa mmoja, Salim Ben Boina, alikuwa ameumia bega dhidi ya Ghana. Wengine wawili walipatikana na korona. Basi beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe na kusimama kati ya milingoti mbele ya Vincent Aboubakar. Kama ungeliona jambo hili kwenye mashindano ya mtaa pale Garissa Primary ungesema waandaaji wafukuzwe.

Jimmy alikuwa nahodha. Miaka 37. Hii ndiyo mechi aliyokuwa ameingoja tangu 2010. Dakika ya saba akachelewa kwenye mpira mmoja, kiatu chake kikashukia kifundo cha mguu wa mchezaji wa Cameroon, refa akaitwa kwenye VAR, na akarudi na kadi nyekundu.

Dakika saba.

Nimeitazama ile klipu mara nyingi. Refa hakukosea, mguu ulikanyagwa. Mashabiki wengi wa Afrika walimlaumu refa usiku ule kwa sababu roho zao zilikuwa na Komoro, na naelewa. Lakini kinachonivuta ni baada ya pale. Ungetegemea watoto wale waporomoke: hakuna kipa, hakuna nahodha, uwanja mzima wa Cameroon unapiga kelele. Ungetegemea sita sifuri. Walifungwa bao la kwanza dakika ya 29, la pili dakika ya 70, na dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga frikiki kutoka mbali, mpira ukaingia pembeni juu kabisa. Matokeo 2-1. Watu kumi, beki akiwa golini, waliwafanya Cameroon waangalie saa. (Nje ya uwanja usiku ule watu wanane walikufa kwenye msongamano, na hao tusiwasahau tunaposimulia uzuri wa mechi.)

Kwa hivyo ukitaka kumfupisha Jimmy kwa ukatili: karibu miaka 20 ya kazi, na mechi yake kubwa zaidi ya timu ya taifa ilidumu dakika saba. Kuna mtu atasema ni huzuni. Mimi nasema wale kumi waliobaki ndio kazi yake. Na kazi hiyo haikuisha naye. Novemba 2023 Komoro waliwafunga Ghana tena, 1-0 huko Moroni, safari hii kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Wakafuzu AFCON 2025, wakiwaambia Tunisia samahani njiani. Kenya? Tangu 2019 hatujafuzu hata moja uwanjani. Ya 2027 tutacheza kwa sababu tunaiandaa sisi pamoja na Uganda na Tanzania.

Najua unachotaka kusema. Hao ni Wafaransa, bana. Wamezaliwa Ufaransa, wamefunzwa mpira Ufaransa, Komoro imeazima tu. Ni kweli kwa kiasi kikubwa na sitakudanganya: visiwa vyenyewe havikuwa na akademia ya kuzalisha kikosi kile, na mtoto wa Moroni anayecheza pekupeku leo bado ana safari ndefu kuliko mtoto wa Martigues. Lakini angalia vizuri hicho unachosema. Mtoto wa Martigues alizaliwa akiwa na nchi mbili zinazoweza kumdai. Sheria za FIFA zinamruhusu kuchezea nchi ya wazazi wake, hata ya babu yake. Ana karatasi za kuthibitisha upande huu na upande ule.

Sasa njoo Bula Iftin.

Kijana amezaliwa hapa, mama yake amezaliwa hapa, babu yake alikuwa hapa enzi za mkoloni. Anafika miaka 18, anaenda kuomba kitambulisho, na anaulizwa athibitishe kuwa ni Mkenya. Kwa miongo mingi, kijana wa Nyeri alienda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa, basi. Wa Garissa alipitia kamati ya wazee na maafisa wa usalama wakimchunguza kama mtu anayeomba uraia. Mtu mmoja akisema hamjui, faili inalala. Februari 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir na kutangaza kuwa uchunguzi huo maalum umekwisha. Vizuri sana. Muulize jirani yako aliyeomba baada ya hapo imemchukua muda gani, kisha uniambie umekwisha kiasi gani.

Na kuna wale wa Dadaab, hadithi ambayo ukimsimulia mtu wa Nairobi hakuamini. Ukame ulipouma, familia nyingi za Kikenya zilijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Njaa haina uraia. Watoto wao walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, kompyuta ikasoma alama za vidole na kusema: wewe ni mkimbizi. Makumi ya maelfu ya Wakenya walikwama hivyo miaka na miaka, wakizuiwa na kopo la mafuta na kilo za unga walizopewa wakiwa watoto.

Hii inahusiana vipi na mpira? Klabu haiwezi kumsajili mtu mzima asiye na kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna pasipoti. Bila pasipoti hakuna majaribio Zambia, wala Uswidi, wala popote. Na kabla ya hayo yote kuna daraja la Tana. Basi linasimamishwa, abiria mnashuka na kupanga foleni, kitambulisho mkononi. Timu nzima ya mabarobaro ikisafiri kwenda mechi, wawili hawana kadi, kocha anapiga simu kwa mheshimiwa fulani, mheshimiwa hashiki. Mechi ilikuwa saa nane.

Kiungo mmoja wa mtaani kwetu, jina lake nabaki nalo, aliitwa majaribio na klabu moja ya Nairobi akiwa na miaka 19. Mkabaji kama Jimmy, mguu wa kushoto, hachoki. Walitaka nakala ya kitambulisho. Alikuwa na ile karatasi ya kusubiri tu. Kila wiki alienda ofisini, kila wiki aliambiwa arudi. Kadi ilipotoka, dirisha la usajili lilikuwa limefungwa kitambo, na msimu uliofuata klabu ilikuwa na kiungo mwingine. Leo anaendesha bodaboda. Bado anacheza jioni, na bado ni bora kuliko nusu ya viungo unaowaona kwenye ligi. Ana miaka 24 na ameshaanza kujiita mzee.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Miaka 24! Jimmy akiwa na 24 ndio kwanza anasaini Millwall. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo naijua vizuri ile sauti ya watu wakikuambia umechelewa. Abti anakuambia, jirani anakuambia, hooyo anakuambia kwa upole zaidi, akikuwekea chai ya maziwa ya ngamia: mpira ni mchezo wa watoto, tafuta kitu cha kushika. Hawana ubaya. Wameona wachezaji wazuri kila kizazi na hawajaona hata mmoja akilishwa na mpira. Hebu nitajie haraka mchezaji aliyekulia Garissa ukamwona na jezi ya Harambee Stars. Chukua muda wako. Kaunti zetu tatu zina watu karibu milioni 2.5, yaani Komoro tatu.

Sio kwamba kipaji hakipo. Ingia mjini jioni jua likipungua makali, utakuta kila kiwanja cha mchanga kina timu mbili na timu ya tatu imekaa pembeni ikingoja. Mpira unatobolewa na miiba ya mathenge kila wiki na wanachanga kununua mwingine. Kinachokosekana ni kitu cha kuchosha sana kukiandikia: mashindano yanayoendelea. Tuna mashindano ya wiki mbili. Mheshimiwa analeta jezi zenye sura yake, kombe, ng'ombe mmoja, hotuba tatu. Fainali, picha, kwisha. Mwaka wa kampeni yanakuwa manne, mwaka unaofuata hakuna hata moja. Huwezi kutengeneza Jimmy kwa wiki mbili. Yule jamaa ametengenezwa na Jumamosi mia tatu na zaidi, nyingi zikiwa za baridi na mvua dhidi ya timu usizozijua.

Shule nazo zilikuwa zinabeba mzigo huo kidogo. Mwalimu wa michezo, mara nyingi mtu wa Kisii au Kakamega au Machakos, ndiye aliyekuwa na filimbi na kanuni. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na mwajiri akawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kaskazini mashariki. Simlaumu mwalimu aliyeondoka. Nani angebaki? Lakini tulipohesabu hasara tulihesabu hisabati na fizikia. Hakuna aliyehesabu filimbi.

Mtu ataniambia Garissa sio nchi, haiwezi kuingia AFCON, linganisho lako ni la bure. Sawa, waangalie Zanzibar. Nao sio nchi mbele ya FIFA. Machi 2017 CAF iliwapa uanachama kamili, Julai mwaka huo huo ikawanyang'anya. Desemba wakaja Machakos kwenye CECAFA wakiwa na hasira zao, wakatufikisha fainali, 2-2, na ilibidi Kenya ishinde kwa penalti. Hawana AFCON wala Kombe la Dunia la kutafuta, lakini wana ligi yao inayochezwa kila mwaka, na mtoto wa Unguja anajua wikendi ijayo kuna mechi. Ukiwa na hilo, bendera inaweza kungoja.

Na hilo liko ndani ya uwezo wetu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Sidai uwanja wa viti elfu thelathini, tafadhali, tumeahidiwa viwanja vya kutosha kwenye karatasi. Nadai ligi ya kaunti yenye ratiba iliyobandikwa ukutani, mechi za nyumbani na ugenini, Balambala, Modogashe, Masalani, Dadaab, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa kumi, mwaka wa uchaguzi au la. Nadai basi moja. Nadai afisa wa usajili wa watu aje uwanjani siku ya fainali na mashine yake ya alama za vidole, badala ya kijana kumfuata yeye mara kumi na tano. Pesa za ng'ombe wale na jezi zile zingetosha kuanzia.

Na kwako wewe unayecheza, au uliyeacha kucheza juzi kwa sababu umefika 22: hiyo hesabu ya miaka umefundishwa na nani? Winga anaisha mapema, nakubali, mbio zina tarehe ya kwisha. Lakini mkabaji, beki wa kati na kipa hukomaa kama chapati, taratibu na kwa moto mdogo. Waliokutangulia wengi waliondolewa na karatasi kabla miguu haijagoma.

Yule mtu wangu wa bodaboda nilimtumia klipu ya Yaoundé, ile kadi nyekundu. Aliitazama mara mbili, akasema, "Alichelewa nusu sekunde tu." Kisha akauliza jamaa alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia 37. Akaniuliza tena, ana uhakika kwamba sijakosea. Jioni akaja uwanjani mapema, viatu mkononi, akitafuta mtu wa kupasha naye.